Sahani za Majani ya Migomba

Sehemu ya Saba: Kidole Gumba cha Joyline

Tulimwacha Joyline nyuma ya jukwaa kubwa, simu sikioni. Nesi alikuwa amemwuliza swali moja tu: "Mchezaji wenu ameanguka, anatoka povu mdomoni. Alikula nini?"

Alikula nini! Wewe msomaji unajua. Joyline naye anajua. Najua umekaa wiki nzima ukijiuliza kama binti huyu atasema ukweli, kwa hivyo sitakuzungusha.

Hakusema.

"Pilau," alijibu. "Alikula pilau tu."

Akakata simu. Jukwaani bendi ya kutoka ng'ambo ilikuwa ikipima sauti, ngoma zinatikisa ardhi, na mbele yake maelfu ya watu walikuwa wanacheza juani bila habari.

Kama ulikuwa safarini wiki zilizopita, ingia upesi, usikanyage watu. Hili ni Tamasha la Mlima, hapa nje kidogo ya mji wa Meru, na wanamuziki wametoka pembe zote za dunia. Waandaaji wameahidi mambo mawili makubwa: hawataacha nyuma hata kikombe kimoja cha plastiki, na hakuna mtu atakayefungiwa nje, awe kiziwi, awe kipofu, awe wa kiti cha magurudumu, awe wa dini yoyote. Ahadi zote mbili ziko mikononi mwa Joyline. Ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Yeye ndiye aliyefukuza sahani zote uwanjani akaleta majani ya migomba, yale yale ambayo wafanyabiashara wa Kangeta hufungia miraa isinyauke njiani. Wageni walipiga makofi. Na huku kwetu nani ataliuliza swali jani la mgomba? Tumelifungia kila kitu tangu zamani.

Lakini aliyeahidi kuleta majani alimtoroka dakika za mwisho, na Joyline akampigia binamu yake Bundi, ambaye amepanda migomba katikati ya miraa, kama majirani zake wote. Bundi hakumficha. "Joy, nimepiga hiyo miraa dawa ya wadudu, na dawa imerukia ndizi," alimwambia. "Ngoja kidogo iishe nguvu." Joyline akajibu: "Kata tu. Tutaosha."

Hayakuoshwa. Maji ya tangi yalikuwa ya kunywa na kunawa mikono basi, kwa amri ya kulinda mazingira ambayo Joyline mwenyewe aliitoa. Watu wa jikoni waliyapangusa majani kwa kitambaa, wakayapanga vizuri, yakapendeza kwenye kamera.

Sasa tuendelee.

"Joy!"

Alikuwa Muthamia, mkurugenzi wa tamasha, mwanamume mrefu mwenye koti la kitenge, ambaye hutabasamu hata akiwa amekasirika.

"Nimesikia kuhusu huyo msichana aliyeanguka," alisema. "Usiwe na presha. Polisi wako jikoni, wanaongea na yule mpishi."

"Mpishi amefanya nini?"

"Amepika. Mtu amekula, mtu ameanguka. Unataka nikuchoree?"

"Mimi sidhani ni pilau."

Tabasamu halikumtoka. Alimshika kiwiko, akamvuta nyuma ya spika.

"Hata mimi sidhani," akamwambia sikioni. "Bundi alipoleta majani asubuhi tulikutana kwa geti. Akaniambia, mkubwa, hii imepigwa dawa, oshesheni vizuri. Sasa mimi najua, na wewe unajua. Tukae hivyo."

Joyline alikinasua kiwiko chake.

"Ulijua na ukanyamaza?"

"Wewe ulijua na ukaagiza."

Hapo sasa!

"Sikiza, dadangu," Muthamia aliendelea kwa upole. "Yule mama aliyekuja kutupima kwa tuzo ya mazingira ameketi pale kwa wageni wa heshima na chupa yake ya bati. Akisikia sumu ilikuwa kwa sahani, tumekwisha. Hakuna tamasha hapa tena, wala lile la Embu mwakani. Pilau huharibika, hata kwa arusi huharibika, na watu husahau. Lakini hizo sahani ndizo sisi. Ziko kwa kila bango."

"Na yule mama mpishi?"

"Atapewa onyo, arudi kwake Maua."

"Na majani yaliyobaki? Watu wanangoja kula!"

"Chakula nimesimamisha. Hakuna mtu anakula kitu hapa. Hayo majani nitayachoma kesho, pole pole, bila kelele. Unaona? Nimefikiria kila kitu."

Joyline alishusha pumzi. Ndiyo, msomaji, alishusha pumzi. Alijiambia hakuna mwingine atakayeumia, kwa hivyo anaweza kungoja kidogo, mpaka kesho, mpaka wageni waondoke. Wazee walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini yeye wakati huo hakutaka kuwasikia wazee.

Njia ya kutoka ilipita jikoni.

Ambaro, yule mpishi, alikuwa amesimamishwa kando ya sufuria zake na polisi wawili, bado ameshika mwiko. Huyu ni mama wa Maua ambaye amelisha arusi na matanga ya mji ule kwa miaka mingi. Hakuwa ameomba kazi hii. Joyline mwenyewe alikwenda mpaka kwake akaketi kwenye jamvi, akamwambia tamasha ni la wote, Waislamu wa Maua na wa Meru mjini wanataka kuja na watoto wao wakijua nyama ni halali, tafadhali mama usikatae. Na mama hakukataa.

"Joyline! Abaayo, dada yangu, njoo!" Ambaro aliita, uso ukamchangamka. "Waambie hawa. Wewe si ulionja?"

Polisi mmoja akageuka. "Ulionja hiyo pilau?"

"Nilimwekea kwa kiganja chake," Ambaro alisema. "Kutoka kwa sufuria hii hii. Akaniambia mama ongeza. Ongea, dada, ongea wakusikie."

Ni kweli. Alionja asubuhi, akaongezwa, na hata hakukohoa. Lakini akisema ndiyo, polisi atauliza swali la pili: kama si pilau, basi ni nini? Na swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa limepangwa pale mezani, kijani kibichi, rundo kwa rundo.

"Mama," Joyline alisema, macho yake yakiwa kwenye vifungo vya shati la polisi, "wacha uchunguzi ufanywe kwanza."

Ambaro alimtazama. Uso ule uliokuwa umechangamka ukafifia.

"Kumbe," alisema.

Hakumtukana. Hakulia. Alisema kumbe, akaweka mwiko chini, akageuza mgongo, na Joyline akatamani angepigwa nao kichwani.

Alitoka getini akikimbia. Alipanda bodaboda bila kuuliza bei, na safari ya kwenda mjini sitakusimulia. Jua tu kwamba alilia ndani ya helmeti njia nzima, na mwenye pikipiki akadhani amefiwa.

Hospitalini alimkuta Wambeti, yule msichana aliyeanguka.

Wambeti ni kiongozi wa kundi la wachezaji viziwi kutoka Ishiara. Wao husikia ngoma kwa nyayo. Wanavua viatu, mbao za jukwaa zikitetemeka wanajua pigo limefika wapi, na wakianza kucheza huwezi kuamini hawasikii. Joyline aliwapata, akawapigania wafungue tamasha, na mchana huo akapanga Wambeti aandaliwe sahani ya kwanza kabla ya mtu yeyote, mbele ya kamera zote, ili dunia ione nani anatangulia hapa. Wenzake walipangiwa kula baada ya kucheza. Ndiyo sababu kitandani alikuwa peke yake.

Jasho lilimtiririka. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo. Na mikono yake miwili ilikuwa imefungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda.

"Mbona mmemfunga?" Joyline alipiga kelele.

"Alikuwa anarusha mikono ovyo," nesi alisema. "Nusura ang'oe dripu. Tunamwuliza maswali, hajibu."

"Huyu ni kiziwi! Alikuwa anawajibu! Mikono ndiyo anaongea nayo!"

Nesi akaitazama mikono iliyofungwa. "Ai, si mngetuambia?"

Nani angewaambia? Joyline alikuwa ameajiri wakalimani wa lugha ya ishara, wazuri, wamevaa mashati yanayofanana, mmoja kulia na mmoja kushoto kwa jukwaa. Hakuna hata mmoja aliyepandishwa ambulensi. Ndani ya ambulensi hakukuwa na kamera.

Alifungua bandeji. Mkono wa Wambeti ukainuka polepole. Akagusa pua. Kisha akanyoosha kiganja, akapitisha kidole juu yake, kwa urefu wa jani.

Harufu. Jani.

Hii haikuwa mara ya kwanza Joyline kuiona ishara hiyo leo.

Hili sikukuambia wiki jana. Joyline alilizika ndani sana, na mimi nililiacha huko makusudi. Mchana, Wambeti alipowekewa pilau ya moto juu ya jani na mvuke ukapanda, alinusa. Akasita. Akamtazama Joyline, akafanya ishara hii hii. Usidhani Joyline hakuelewa. Alisomea lugha ya ishara, ndiyo iliyompa kazi. Alielewa vizuri kabisa. Lakini kamera zilikuwa zinawaka, yule mama wa tuzo amesimama hapo karibu, na Joyline akatabasamu, akainua kidole gumba.

Mpiga picha akasema safi sana. Wambeti akala. Mwenyeji wako akikuhakikishia chakula mbele ya watu, utakikataa vipi?

Kitandani, mkono ule dhaifu uliinuka tena. Ukamnyooshea Joyline. Ukagusa chini ya jicho. Ukarudi kifuani.

Uliniona.

Mara nyingine mtu huvunjwa na kelele. Joyline alivunjwa na mkono usio na sauti. Alitoka kwenye kile chumba akamshika daktari koti, daktari kijana, mtu wa Embu, aliyekuwa na wagonjwa wengine wawili wanamngoja.

"Si pilau," alisema. "Ni majani tuliyowekea chakula. Yalipigwa dawa ya wadudu shambani. Nilijua. Niliambiwa ningoje, nikaahidi kuyaosha, na hayakuoshwa, na yeye akaniambia yananuka, nikamwambia ale."

Daktari akamgeukia.

"Ni wewe uliambia nesi ni pilau?"

"Ni mimi."

"Mboni za macho yake zimekuwa ndogo mno, mimi nikasema hii inakaa dawa ya shamba. Lakini mliposema pilau tukaanza kumtibu tumbo." Alikuwa anajizuia, shingo imemsimama mishipa. "Ni dawa gani?"

"Sijui."

"Tafuta. Sasa hivi."

Bundi alipokea simu haraka, kelele za soko la Kangeta nyuma yake.

"Bundi, ulipiga dawa gani hiyo miraa?"

"Dawa? Dawa gani?"

"Bundi!"

"Joy, mimi sitaki maneno ya polisi. Nilikuambia ungoje. Sikukuambia?"

"Uliniambia. Nitasema mbele ya mtu yeyote uliniambia. Lakini kuna mtu anakufa hapa, Bundi. Nipe jina tu."

Bundi akashusha sauti: "Sijui jina. Nilipimiwa kwa chupa ya soda. Haikuwa na karatasi."

"Nani alikupimia?"

"Wee, huyo jamaa akijua nimemtaja..."

"Bundi, yule msichana ana mama! Mama yake yuko Ishiara anangoja kumwona kwa televisheni!"

Alimsikia binamu yake akiguna. Akasikia hatua, akasikia pikipiki ikipita karibu, akasikia Bundi akiita mtu kwa Kimeru kwa sauti ya kutisha ambayo hakujua anayo. Mabishano. Kitu kikaanguka. Halafu Bundi akarudi, anahema.

"Ameniletea mtungi wenyewe. Andika."

Joyline hakuwa na kalamu. Alirudia jina lile kwa sauti, herufi kwa herufi, na daktari aliposikia nusu yake tu alikuwa ameshageuka, anaita dawa iletwe, anaagiza hiki, anaagiza kile, na manesi wakakimbia.

"Tunayo?" Joyline aliuliza. "Dawa yake mnayo?"

"Tunayo. Ungesema kwa simu angekuwa ameipata zamani." Akafungua mlango wa chumba kwa bega. "Usiniulize kama atapona. Keti huko nje."

Aliketi huko nje. Unadhani alipata nafuu? Watu husema ukitubu moyo unakuwa mwepesi. Wa kwake ulikuwa mzito kuliko asubuhi, kwa sababu sasa alijua lile neno lingechukua pumzi moja tu, na alikuwa amelificha.

Basi akaamua kumalizia. Atampigia polisi. Atasema Ambaro hana makosa, atasema kwa jina lake kamili na nambari ya kitambulisho. Muthamia aende na tuzo yake. Alikuwa ametoa simu mfukoni aliposikia sauti anayoijua.

"Leteni hiyo sufuria hapa mbele!"

Ilitoka kwenye televisheni.

Ilikuwa imetundikwa ukutani mwa chumba cha kungojea, na wagonjwa walikuwa wanatazama tamasha moja kwa moja kutoka uwanjani. Muziki ulikuwa umesimama. Kamera ilikuwa imeliacha jukwaa, imekwenda jikoni, na katikati ya picha alisimama Ambaro, mtandio umemteleza, polisi kila upande. Nyuma yake walikuwa wamejaa wanawake wa Maua, ambao habari ziliwafikia wakaja kwa magari yao wenyewe.

"Nimepikia msikiti, nimepikia kanisa," Ambaro alikuwa anasema, na sauti haikutetemeka. "Nimepika hata kwa harusi ya huyu askari, mwulizeni. Hakuna mtu amewahi kulala hospitali kwa mkono wangu. Leo nasikia kwa redio mimi ni mwuaji. Yule dada aliyekuja nyumbani kwangu kuniomba, amekataa kusema hata neno moja. Sawa. Mimi sina wakili. Nina pilau yangu. Nitaila hapa, mkiniangalia."

Umati ukalipuka. "Wacha ale! Wacha ale!"

Askari akamtazama mwenzake, akainua mabega, akajitoa njiani.

"Hapana," Joyline alisema, akisimama.

Ambaro alikuwa ameshapakua. Akageuka huku na huku akitafuta pa kuweka. Hakukuwa na sahani. Uwanja mzima hakukuwa na sahani hata moja, Joyline alihakikisha. Mkono wa mtu ukatokea pembeni ya picha, ukatandaza mezani jani pana, zuri, la kijani.

Joyline alimpigia Muthamia. Muthamia alikuwa pale pale kwenye picha, nyuma ya bega la Ambaro, koti la kitenge, tabasamu. Simu ikaita sikioni mwa Joyline, na kwenye televisheni akamwona Muthamia akiingiza mkono mfukoni. Akaitoa simu. Akaangalia jina. Akaangalia lile jani.

Akarudisha simu mfukoni.

"Muthamia!" Joyline aliipigia kelele televisheni. "Muthamia, wacha! Waambie!"

Watu wote kwenye viti waligeuka kumtazama. Mzee mmoja akamsogeza mtoto wake mbali naye.

Akapiga tena. Ikakatwa. Akapiga nambari ya polisi, ikaita, ikaita. Akampigia mkalimani wa jukwaani, na huyo hakupatikana, kwa maana mtandao ulikuwa umelemewa na maelfu ya watu uwanjani waliokuwa wameinua simu zao kurekodi na kutuma.

Mezani mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye jani. Mwanamke mmoja wa Maua, mnene, mwenye miwani, alisukuma askari akapita mbele, akavuta kiti.

"Ambaro hali peke yake," alisema. "Kwetu mtu hali peke yake akiwa na watu."

Akaketi. Wa pili akaketi. Wa tatu akampakata binti yake mdogo, akamnawisha mkono. Wakaizunguka meza bega kwa bega, na waliokosa nafasi wakapitisha mikono katikati ya wenzao, mpaka jani lile likawa halionekani tena kwa mikono.

"Msile!" Joyline alilia, viganja vyake vyote viwili juu ya kioo cha televisheni. "Mama, ni mimi! Ni mimi, usile!"

Ambaro aliangalia moja kwa moja kwenye kamera, kana kwamba anamtafuta mtu mmoja tu.

"Bismillahi," alisema, na mikono yote ikashuka.